Nafasi ya Sala Hutafutwa

Wenzetu wengi hulalamika kwamba shuleni nafasi ya kusali haipatikani: kengele, darasa, prepu, kulala. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Hebu tutazame hapa kwetu Mto Tana. Wamishonari wa Kimethodisti walikuwa Golbanti, karibu na Garsen, mwaka 1886, John Houghton na mkewe Annie walipouawa pale na wavamizi. Kanisa halikufa. Wapokomo waliolishika walikuwa wakulima: maji yakishuka wapande, mpunga ukizaa waamie ndege. Sasa niambie, kazi ya mtoni iliwahi kuisha lini?

Likizo mimi huamia ndege. Juu ya dungu, kati ya kundi moja na jingine, huwa kuna dakika chache za kimya. Hizo ndizo zangu. Namtaja mgonjwa, namtaja mwenye deni, kisha nanyamaza. Kunyamaza nako ni sala, ingawa wengine hudhani Mungu hasikii mpaka tupige kelele (wana maombi wa bwenini mnisamehe).

Shuleni je? Rafiki zangu Waislamu huamshwa na adhana ya alfajiri. Nami huamka na hiyo hiyo. Marko 1:35 hutueleza kwamba Yesu naye alitoka kungali giza, akaenda mahali pasipo watu. Bwenini mahali hapo hapapatikani, lakini nyuma ya jiko, kabla mpishi hajawasha kuni, hapana mtu. Mbu wapo, si uongo. Vaa soksi.