Bakteria wa sabuni watakula nini? Neno kwa wasomi wa Masisi na Walikale



Wengi kati yenu mnaosoma biolojia, kemia ao kilimo mmeniuliza juu ya biosafaktanti. Nieleze kwa ufupi, kisha niseme fasi ambayo naona kazi yenyewe iko kwetu.

Ni kitu gani?

Safaktanti ni kitu kinachopatanisha maji na mafuta. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unashika uchafu, kichwa kinavutwa na maji, uchafu unaondoka. Sabuni tunayopika kwa mawese na soda kostiki inafanya hivyo hivyo. Poda nyingi za kufulia zinatumia safaktanti zinazotoka kwenye petroli. Biosafaktanti, zenyewe, zinatengenezwa na viumbe vidogo, hasa bakteria, na zinaoza upesi zikimwagika kwenye udongo ao mtoni.

Mbili zinajulikana sana. Ramnolipidi zinatoka kwa *Pseudomonas aeruginosa*. Zilielezwa mwaka 1949. Safaktini inatoka kwa *Bacillus subtilis*. Iligunduliwa Japani mwaka 1968. Maji safi yana mvutano wa uso wa milinyutoni 72 hivi kwa mita. Safaktini kidogo tu inaushusha mpaka karibu 27, na hapo maji yanapenya kwa urahisi kwenye nguo, kwenye majani ao kwenye udongo ulioingia mafuta.

Viwanda vimeshaanza. Mwaka 2024, kampuni ya Evonik ya Ujerumani ilifungua kiwanda cha ramnolipidi huko Slovakia, kinachotumia sukari ya mahindi.

Chakula cha bakteria

Bakteria anataka kula, na chakula kikinunuliwa sokoni, bei inapanda. Juu ya hiyo watafiti wanatafuta mabaki. Kwetu mabaki yako, lakini tuyaangalie moja moja.

*Masisi: maji ya jibini.* Lita 10 za maziwa zinatoa kilo moja hivi ya jibini. Karibu lita 9 zinabaki maji, yenye gramu 45 hivi za sukari ya maziwa katika kila lita. Yakimwagwa mtoni yanaoza na kumaliza oksijeni ya samaki. Ni chakula kizuri, ila siyo kila bakteria anaweza kula sukari ya maziwa. *Bacillus subtilis* anashindwa nayo, kwa hiyo lazima uivunje kwanza kwa enzimu, ao uchague bakteria wa maziwa yenyewe, ambao wanatoa biosafaktanti kidogo zaidi.

*Walikale: maji ya mihogo.* Brazil, watafiti Nitschke na Pastore walionyesha mwaka 2006 kwamba *Bacillus subtilis* anatoa safaktini akila maji ya mihogo. Lakini yale ni maji yanayokamuliwa wakati wa kutengeneza unga, yenye sukari nyingi. Yale tunayolowekea mihogo ni mepesi mno. Anayetaka njia hii aanze na mashine ya kukamua, na akumbuke kwamba maji hayo yana sumu ya sianidi.

*Mawese.* Hapa naomba tuwe waangalifu. Mawese yanaota tena, ni kweli, lakini ni chakula cha jamaa. Tukiyatoa kwenye sufuria ya mama ili kulisha bakteria, ao tukikata msitu wa Walikale kupanda michikichi mipya, hatuwezi kusema kazi yetu ni endelevu. Tope linalobaki baada ya kukamua ni sawa. Mafuta yenyewe, hapana. Hata maji ya jibini, kama mfugaji anayapa nguruwe, yana mwenyewe. Muulize kwanza.

Fasi ngumu

Kulisha bakteria ndiyo sehemu rahisi. Pipa linataka joto lisilobadilika, hewa ya kutosha na usafi, na hivyo vyote vinataka umeme. Povu linajaa na kufurika. Mwishoni unapata gramu chache ndani ya lita nyingi za maji, na kuzitenga kunakula pesa nyingi. Tena mwanzoni mwa 2025 vita ilifika Masisi-centre, na mwezi wa tatu Walikale-centre. Katika hali hiyo, anayewaahidi vijana kiwanda kesho anawadanganya.

Na jambo moja la usalama: *Pseudomonas aeruginosa* anaweza kuambukiza vidonda na mapafu. Asikuzwe nyumbani hata siku moja. Watafiti wameshahamishia jeni zake kwa ndugu yake mpole, *Pseudomonas putida*. Kwetu sisi, *Bacillus subtilis* ndiye wa kuanza naye, tena ndani ya laboratwari.

Tuanzie wapi?

Anayetafuta suje ya memwari, hii hapa. Chukua udongo wa fasi wanapokamulia mawese, upeleke laboratwari, utenge bakteria. Kisha weka maji kwenye sahani, mafuta kidogo juu yake, halafu tone la maji walimokua bakteria. Mafuta yakikimbia na kuacha duara wazi, safaktanti iko. Kipimo cha pili: changanya mafuta na maji hayo sawa kwa sawa, tikisa dakika 2, acha saa 24. Pima kimo cha mchanganyiko ulioshikamana, gawa kwa kimo chote, zidisha mara 100.

Kazi ya namna hiyo haitaki mashine kubwa. Lakini ingetuambia bakteria gani wako kwetu, na kilima gani kina mabaki kiasi gani ambayo hayana mwenyewe. Bila hesabu hizo mbili, hata siku umeme utakapofika tutakuwa tunanunua bakteria na sabuni kutoka nje.