Mbolea, samadi, dawa: kulisha mimea ndani ya kizimba cha kinyonga

Mwaka 2006 wanasayansi Tilbury, Tolley na Branch walitenga jenasi mpya ya vinyonga wa misitu ya milimani, wakaiita Kinyongia, kutokana na neno la Kiswahili. Baadhi ya spishi zake huishi kwenye milima ya mashariki ya nchi yetu. Katika savana za Katanga hupatikana mwingine, Chamaeleo dilepis. Wengi wetu tulilelewa tukimwogopa kinyonga, lakini wapo wanaomfuga nyumbani katika kizimba cha wavu chenye mimea hai, kwa sababu mnyama huyu anahitaji matawi ya kupanda, majani ya kujificha na hewa yenye unyevu.

Mimea hiyo ikianza kuwa ya manjano, mfugaji hufikiria mbolea. Makala hii inaeleza namna ya kuitia bila kumdhuru mnyama. Jambo hili linatuhusu sisi watu wa lugha pia, kwa kuwa mara nyingi hatari huanzia kwenye neno.

1. Neno moja, vitu vingi

Ukienda sokoni ukasema mimea yako imedhoofika, muuzaji anaweza kukupa "dawa ya maua". Neno dawa limebeba mengi: kinachomponya mgonjwa, kinachoua wadudu, na hata kinacholisha mmea. Kwa mahindi ya shambani utata huo unaweza kupita bila madhara makubwa. Ndani ya kizimba unaweza kuua.

Kwa hiyo tutofautishe. Mbolea ni jina la jumla la chochote kinachorutubisha udongo. Samadi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kinyesi cha wanyama kinachotumika kama mbolea. Mboji ni majani na mabaki ya mimea yaliyooza kabisa hadi kuwa kama udongo mweusi. Sumu ya wadudu si mbolea, ingawa huuzwa kwenye meza ileile, na baadhi ya bidhaa huchanganya vyote viwili katika pakiti moja.

Pakiti nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa. Ukiona neno "insecticide", au alama ya fuvu la kichwa, bidhaa hiyo isikaribie kizimba. Maneno "engrais foliaire" maana yake ni mbolea ya kunyunyizia majani. Hiyo nayo haifai, na sababu yake iko katika maumbile ya kinyonga mwenyewe.

2. Njia ambazo mbolea humfikia mnyama

Kwa kawaida kinyonga hanywi maji kwenye bakuli. Hulamba matone yaliyo juu ya majani. Kilichonyunyiziwa jani, basi, ndicho atakachokunywa.

Njia ya pili ni chakula chake. Nyenje na panzi anaowekewa hawaliwi wote mara moja; wengine hujificha kwenye vyungu, wakatafuna majani na kugusa udongo wenye chumvi za mbolea. Kinyonga akimla mdudu huyo, anameza na alichobeba. Tena, ulimi wake ukimfuata mdudu juu ya udongo, huweza kurudi na punje za mbolea.

Njia ya tatu ni hewa. Urea, ambayo ina nitrojeni asilimia 46, ikioza kwenye udongo wenye unyevu hutoa amonia, gesi inayochoma macho na mapafu. Samadi mbichi ya kuku hutoa gesi hiyohiyo, na huweza kuwa na bakteria wa salmonela. Shambani upepo huiondoa. Katika kizimba kidogo ndani ya chumba gesi hujikusanya.

3. Je, mmea una njaa kweli?

Kabla ya kununua chochote, angalia mwanga na maji. Majani ya manjano mara nyingi hutokana na mizizi iliyokaa kwenye maji mengi, kwa kuwa mfugaji hunyunyiza kila siku kwa ajili ya mnyama. Hakikisha chungu kina matundu chini. Mmea ulio gizani nao haukui, na mbolea haichukui nafasi ya mwanga.

Mimea ya kizimbani kama Ficus benjamina na hibiskasi, ikiwekwa kwenye udongo mpya wenye mboji, hukaa miezi kadhaa bila kuhitaji nyongeza. Lubumbashi, katika miezi ya baridi ya kiangazi, ukuaji hupungua. Huo si wakati wa kuongeza mbolea.

4. Utaratibu ulio salama

Kwanza, tumia mboji iliyokomaa, isiyo na harufu ya kuoza. Ichanganye na udongo wa chini ya chungu, kisha funika juu kwa udongo wa kawaida. Panga mawe makubwa kuliko kinywa cha mnyama, ili asifikie udongo.

Pili, ukilazimika kutumia mbolea ya dukani, toa chungu nje ya kizimba. Kama pakiti inasema gramu 4 kwa lita moja ya maji, tia gramu 1. Mimina kwenye udongo tu, uache maji yachuruzike yaishe, osha majani kwa maji safi, na urudishe mmea baada ya siku chache. Usitumie punje za kutawanya juu ya udongo.

Tatu, utando mweupe ukionekana juu ya udongo, mara nyingi ni chumvi iliyozidi. Toa chungu nje, mwagia maji mengi safi, na usitie mbolea tena kwa muda.

Nne, mmea mpya kutoka kwa muuzaji huenda ulipigwa sumu. Osha majani, badilisha udongo, uuweke kando wiki kadhaa kabla ya kuuingiza. Nawa mikono kila baada ya kushika kizimba.

5. Dalili za hatari

Kinyonga anayefumba macho mchana, anayekataa kula, anayetokwa na ute mdomoni au anayeshindwa kushika tawi ni mgonjwa. Ondoa mimea yote iliyotiwa mbolea, mpe matone ya maji safi, na umpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti ya bidhaa uliyotumia. Bila pakiti, daktari atabahatisha.

Kwa kumalizia, tukumbuke kwamba vinyonga wa jenasi hizi mbili wamo katika Kiambatisho II cha mkataba wa CITES. Kuvuka nao mpaka kunahitaji kibali. Na sisi tunaosomea tafsiri tuna kazi hapa: siku tutakapoombwa kutafsiri maelezo ya pakiti kwa Kiswahili, tusiandike dawa pale penye mbolea, wala mbolea pale penye sumu.