Friji inaunguruma lakini soda ni moto? Usikubali haraka kuambiwa 'gesi imeisha'

TAA ya ndani inawaka. Mashine ya nyuma inaunguruma kama kawaida. Lakini maziwa ya jana yameharibika, na soda uliyoweka asubuhi ni moto kana kwamba imetoka tu kwenye rafu ya duka.

Ukiishi Amagoro au Malaba, unajua kinachofuata. Unampigia fundi simu, anafika na boda, anatia mkono ndani ya friji, anagusa nyuma, kisha anatoa hukumu: gesi imeisha. Unalipa kwa M-Pesa, gesi inawekwa, friji inagandisha. Baada ya mwezi mmoja au miwili uko palepale, na fundi yuleyule anarudi na mtungi uleule.

Kabla hujatoa hata shilingi, elewa jambo hili: gesi ya friji haiishi. Si kama mafuta ya taa kwenye stovu wala petroli kwenye tangi la pikipiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kabisa, na kama hakuna tundu, gesi iliyotoka nayo kiwandani inaweza kufanya kazi hadi friji yenyewe izeeke. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kimoja mara mbili. Tena kuna friji kibao zisizogandisha ilhali gesi yake imejaa.

Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Kompresa, ile mashine nyeusi ya chini, inaisukuma gesi kwenye mabomba ya nyuma, ambako inatoa joto na kugeuka majimaji. Kisha inapenya kwenye bomba jembamba sana, na ikifika upande wa freeza inageuka mvuke tena na kunyonya joto la vyakula vyako. Mtungi wa udongo wa nyanya kule kijijini unapoza maji kwa sababu hiyohiyo: maji yanapogeuka mvuke, yanaondoka na joto.

Kwa hivyo anza uchunguzi nyuma, mahali joto linapotokea. Kwenye bedsita friji huwa imesukumwa hadi ukutani, pazia limeangukia juu yake, na jiko la gesi liko pembeni kwa sababu hakuna nafasi nyingine. Ivute mbele, iache nafasi ya upana wa kiganja, ufagie vumbi na utando wa buibui kwenye mabomba. Na ukigusa ubavu wa friji ukakuta una joto, usishtuke wala usiizime. Friji nyingi za kisasa zimefichiwa mabomba hayo ndani ya kuta zake.

Kuna kibandiko ambacho watu wachache husoma, hasa walionunua friji za mitumba kutoka Uingereza. Kina herufi zinazoonyesha tabianchi ambayo friji ilitengenezewa. SN na N zinamaanisha chumba kisichozidi nyuzijoto 32 za Selsiasi. ST inafika 38, na T inafika 43. Chumba cha mabati kisicho na dari kinaweza kupita 32 saa nane mchana jua linapowaka. Friji ya N humo haijaharibika. Imezidiwa tu, na hakuna gesi itakayoisaidia.

Halafu kuna stima. Kenya tunatumia volti 240, sawa na Uganda, ndiyo maana friji iliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka inaingia kwenye soketi yako bila shida. Lakini volti za kwenye karatasi na zile zinazofika kejani jioni kila mtu anapopika si lazima zilingane. Taa zikififia na ukasikia nyuma ya friji mlio wa 'tak', kimya cha dakika chache, halafu 'tak' tena, kompresa inajaribu kuwaka na kushindwa. Huenda stima ni dhaifu, huenda ekstensheni yako ni ya waya mwembamba, au kifaa kidogo cha kuwashia kilichobanwa ubavuni mwa kompresa kimekufa. Kifaa hicho hubadilishwa bila kugusa gesi hata kidogo. Jaribu kwanza kuchomeka friji moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Stima ikipotea na kurudi papo hapo, kompresa huwa bado ina shinikizo kubwa upande mmoja na haiwezi kuanza. Subiri dakika tano. Kazi ya friji gadi, kile kisanduku kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, ni kusubiri hizo dakika kwa niaba yako na kukata stima ikishuka au ikipanda kupita kiasi. Kwa mtu wa huku kwetu, ninaona ni kifaa cha kununua siku ileile unaponunua friji.

Mambo madogo usiyadharau. Namba kwenye kidude cha kuzungusha ndani si nyuzijoto. 1 ndiyo baridi kidogo na namba kubwa ndiyo baridi kali. Nimeshaona watu wakirudisha hadi 1 wakidhani ndiyo ya kugandisha. Raba ya mlango nayo ipime kwa noti ya hamsini: ifungie mlangoni, kisha uivute. Ikitoka bila kubanwa, hewa moto inaingia usiku kucha. Ioshe kwa sabuni na maji moto, mara nyingi hurudi umbo lake.

Sasa tufike kwenye kosa ambalo limeua friji nyingi: kisu. Friji ndogo za mlango mmoja hujaza barafu kwenye freeza. Barafu ikiwa nene inazuia baridi isishuke chini, nyanya zinaanza kuoza, na mwenye friji anachukua kisu kubandua barafu ili apate mahali pa kuweka samaki. Ukuta wa ile freeza ni alumini nyembamba, na gesi inapita ndani yake. Kisu kinateleza, unasikia 'fsss', na kazi imeisha. Hapo ndipo gesi inapopotea kweli, kwa tundu ulilotoboa mwenyewe. Zima friji, fungua mlango, weka sufuria ya maji moto ndani, tandaza matambara chini na uende zako. Ni kazi ya saa chache tu.

Friji za milango miwili zisizojaza barafu zina ugonjwa wao. Juu kunaganda vizuri, chini ni joto. Ndani ya ukuta wa freeza kuna feni, na kuna hita inayoyeyusha barafu kila baada ya muda. Hita ikifa, barafu inaziba njia ya hewa. Ichomoe kwa saa 24 milango ikiwa wazi. Ukiiwasha ikafanya kazi vizuri kwa wiki moja hivi kisha ikarudia, tatizo ni hita au sensa yake. Ukiambiwa ni gesi, mwambie fundi apime hita kwanza.

Je, gesi ikiwa imevuja kweli utajuaje? Kompresa inaunguruma bila kupumzika, mabomba ya nyuma hayana joto, na barafu inashika kona moja tu ya freeza. Dalili hizi hufanana na za kompresa iliyochoka au bomba jembamba lililoziba, kwa hivyo hapo mwite fundi, lakini uwe na maswali. Tundu liko wapi? Utalipima na nini? Mzani uko wapi?

Mzani si mbwembwe. Kibandiko cha nyuma kinasema aina ya gesi na gramu zake. R134a na R600a ndizo utakazokutana nazo zaidi, na friji za R600a nyingi hazibebi hata gramu 100. Kosa la gramu chache tu linatosha kuharibu kazi, kwa hivyo anayekisia kwa sikio anabahatisha. Gesi hizi pia hazibadilishani ovyo. Na baada ya kuziba tundu, lazima hewa na unyevu vinyonywe kwa pampu na chujio libadilishwe kabla ya kujaza.

R600a ni isobyuteni, ndugu wa gesi ya kupikia. Inashika moto, na tofauti na ile ya jikoni haijatiwa harufu, kwa hivyo pua haitakuonya. Fundi akiwasha moto wa kulehemu ndani ya chumba chako bila kuitoa gesi kwanza na kufungua madirisha, mtoe nje yeye na friji. Kupima tundu hufanywa kwa nitrojeni. Oksijeni ya kuchomelea ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka. Mtu akitaka kujaza friji gesi ya mtungi wa jikoni, hiyo si akili ya mtaa, ni hatari.

Jambo lingine la hapa kwetu ni usafiri. Friji zinahama sana kati ya Bungoma, Malaba na Busia, na wanafunzi wa Alupe huhama na zao muhula ukiisha. Ikilazwa kwenye boda au Probox, mafuta ya kompresa humwagikia mabombani. Isafirishwe ikiwa wima. Ikishindikana, isimamishe ikae saa kadhaa kabla ya kuichomeka, au usiku mzima kama ililala safari yote.

Wakati unahangaika na fundi, chakula hakikusubiri. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na friji iwe chini ya nyuzi 5. Stima ikipotea na usifungue mlango, sehemu ya chini huhimili kama saa nne. Freeza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu 24. Samaki wa Port Victoria aliyeyeyuka na kushinda kwenye joto asirudishwe kugandishwa. Anayeuza yoghati au maziwa dukani aweke kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji; kwa mkono huwezi kutofautisha nyuzi 4 na 10. (Wazee wa Teso hawana shida hii. Ajon hunywewa kwa maji moto na mirija mirefu.)

Friji ikishindikana kabisa, usimruhusu mnunuzi wa vyuma chakavu akate bomba gesi ifuke hewani. Kilo moja ya R134a hupasha dunia joto mara 1,400 hivi kuliko kilo moja ya kaboni dioksaidi, na ni gesi za aina hiyo ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza mjini Kigali mwaka 2016. Fundi mwenye vifaa anaweza kuinyonya na kuihifadhi. Na kama friji itakaa uani hata siku moja ikisubiri mnunuzi, ng'oa mlango kwanza. Watoto wakicheza kujificha huingia humo, na ile raba inayozuia joto huzuia hewa pia.