Bando la Nafuu, Soko la Upande Mmoja

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Iringa na Mbeya kuelekea Tunduma na Kasumulu, kwenye mipaka ya Zambia na Malawi. Kwa hiyo Nyanda za Juu Kusini haziwezi kulia kwamba zimenyimwa nyaya. Kinachoamua dalali wa nyanya wa Ilula au muuza viazi wa Uyole aone nini kwenye simu yake ni bando.

Lipo bando la intaneti yote, na lipo la mitandao ya kijamii tu, la bei poa. Aliyenunua hilo la pili atarusha picha za magunia WhatsApp kutwa nzima. Akitaka kufungua bei za jumla za mazao zinazotolewa na Wizara ya Viwanda na Biashara, ukurasa unagoma mpaka aongeze salio. Ndiyo maana soko limehamia kwenye magrupu, ambako bei ni ile aliyoisema mwenye sauti kubwa. Na kijana aliyehitimu MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, akibuni tovuti ya kuwakutanisha wakulima na wanunuzi, anashindana na Meta, mmiliki wa WhatsApp na Facebook, huku mteja akitozwa zaidi kwa kumfuata yeye.

Mtindo huu si mgeni. Mwaka 2014 Tigo, ambayo leo ni Yas, iliwapa wateja Facebook ya Kiswahili bure. India iliukataa: Februari 2016 msimamizi wa mawasiliano alipiga marufuku kupanga bei kwa kuangalia maudhui, na Facebook ikaifunga huduma yake ya bure ya Free Basics nchini humo.

Watetezi husema bila bando la nafuu wengi wangekosa kila kitu. Hoja hiyo ina uzito, hasa mwisho wa mwezi. Lakini Aprili 2021 vifurushi vipya vilipopandisha gharama, makelele yalikuwa makubwa hadi vikasitishwa. Bei ina wapiganaji. Usawa wa maudhui bado haujapata wake.



Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ina ofisi ya kanda Mbeya. Ianze na dogo: kampuni inayouza bando la mitandao ya kijamii iuze pia bando dogo la intaneti yote, kwa bei ileile ya kila MB.