Tundu Lililo Chini ya Mashine

Mshale wa spidomita ukilala kwenye sifuri huku boti inapasua maji, wengi hukimbilia kufungua dashibodi. Huko ni kuanza kazi mwishoni. Katika boti nyingi za zamani, waya unaoingia kwenye kipimo hicho ni wa taa tu. Habari za mwendo huletwa na maji yenyewe.

Kwenye mguu wa mashine, upande unaokata maji, pana tundu dogo linalotazama mbele. Boti nyingine hufungiwa kibomba cha plastiki huko tezi. Boti ikienda, maji hujisukumiza tunduni, na msukumo hupanda kwa mpira mwembamba mpaka nyuma ya kipimo. Humo mna kibomba cha shaba kilichopindwa, ambacho hutaka kunyooka kila msukumo unapozidi, na kwa kunyooka kinazungusha mshale. Tundu ni wazo la Mfaransa Henri Pitot, aliyepima nalo mwendo wa mto Seine mwaka 1732. Kibomba ni cha Mfaransa mwenziwe, Eugène Bourdon, mwaka 1849.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayowapoteza mafundi. Mwendo ukiongezeka mara 2, msukumo huongezeka mara 4: kwenye noti 10 ni kama kilopaskali 13, kwenye noti 20 ni 53. Kwa hiyo boti ikitambaa bandarini mshale husinzia, kisha huamka ghafla. Huo si ubovu.

Ubovu wa kweli mara nyingi ni tundu kuzibwa na mchanga, tope au mwani, hasa kwa boti inayolazwa ufukweni maji yakipwa. Pitisha waya mwembamba. Ukitaka kupuliza kwa kompresa, chomoa kwanza mpira nyuma ya kipimo, la sivyo kibomba kitapoteza umbo lake na mshale hautasema kweli tena. Tundu likiwa safi, fuata mpira: jua huupasua, na hukatika pale unapopindana na mashine. Mpira unaovuja hufanya mshale usome pungufu katika kila mwendo.

Kipimo chenyewe hujaribiwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Lichomeke kwa kipande cha mpira, sukuma polepole, ushikilie. Mshale ukipanda na kutulia, kipimo ni kizima.

Ukilinganisha na GPS ya simu, kumbuka kwamba simu hupima mwendo juu ya ardhi, tundu hupima mwendo dhidi ya maji. Katika mkondo wa Pemba maji hukimbilia kaskazini, na wakati wa kusi hukaza zaidi. Nahodha anayepanda kaskazini ataona simu ikiipita spidomita, na zote mbili zinasema kweli. Nenda na urudi njia ileile bila kugusa mafuta, uchukue wastani wa simu. Tazama pia uso wa kipimo: boti zilizotoka Marekani husoma kwa maili za nchi kavu, na noti 20 huandikwa 23.