Una elfu hamsini ya kusafisha sebule na korido: itumie hivi

Masika yamekwisha, jua la Juni limetoka, na ukuta wa korido bado una alama za vidole vya watoto tangu Januari. Huu ndio wakati wa kutoa makochi nje. Kapeti inayofuliwa sasa asubuhi, kesho yake imekauka. Ukingoja mvua za vuli itashinda na unyevu siku kadhaa na kuanza kunuka. Isitoshe, sasa mafundi wa makochi hawajabanwa na kazi. Wiki ya kuelekea sikukuu huwaambii kitu, hawapunguzi hata mia.

Nimechukua mfano wa nyumba ya kupanga ya kawaida Dar es Salaam: makochi ya siti saba, kapeti moja, sakafu ya vigae na korido ya mita 6. Mfukoni kuna elfu hamsini. Bei ninazotaja ni nilizoambiwa mwenyewe nikizunguka Kariakoo na Tabata, hivyo mtaani kwako zinaweza kupanda au kushuka.

Makochi ndiyo yanayomeza hela. Fundi mwenye mashine anatoza kwa siti, elfu kumi kila moja. Siti saba ni elfu sabini, na hapo hujagusa sakafu wala ukuta. Na hiyo siyo bei ya mwisho. Mwaka jana nilipatana na kijana mmoja kwa simu. Alipofika alisimama mbele ya kochi la kona, akalitazama, akaniambia, "Dada, hii kona inahesabika siti mbili." Nikakubali kwa sababu vyombo vyote vilikuwa vimeshatolewa barazani. Kisha ikaja nauli ya bodaboda iliyobeba mashine, elfu tano. Kisha akaomba ndoo sita za maji na sehemu ya kuchomeka waya. Maji yangu, umeme wangu, na bei ni ileile.

Siku hizi napiga picha makochi yote, naituma, kisha nauliza swali moja: mpaka unaondoka kwangu nitakuwa nimekulipa shilingi ngapi? Anayekwepa kutaja jumla, namwacha.

Makochi ya leza bandia usimwitie fundi kabisa. Tambara lililokamuliwa, maji ya sabuni, kisha tambara kavu, yametosha. Ya kitambaa, kagua kama foronya zina zipu. Zikiwa nazo, zivue uzifue kwa maji baridi, uzianike kivulini zisipauke, na uzivalishe zikiwa na unyevu kidogo, maana zikikauka kabisa huwa zimesinyaa na mito inagoma kuingia. Zisizo na zipu, sugua kwa povu tu. Koroga sabuni mpaka itoe povu jingi, chota povu kwa brashi, acha maji ndooni. Sponji ikishalowa ndani haikauki haraka, na harufu yake haitoki kwa marashi.

Ukiona huwezi kukwepa fundi, mlipe kwa siti mbili zilizochakaa zaidi, zile zinazotazama televisheni. Nikuambie ukweli: zitang'aa kuliko zile nyingine, na utaiona tofauti. Lakini elfu ishirini si elfu sabini. Ongea na jirani naye atoe mbili au tatu, ili fundi aje mara moja na nauli asiwadai.

Kapeti ina njia tatu. Wanaokuja kuichukua nyumbani waliniambia elfu ishirini na tano. Vijana wa kuosha magari wanaifua kwa elfu kumi na tano ukiipeleka mwenyewe. Kuifua nyumbani ni bure kwa mwenye maji ya bomba, ila kapeti ya manyoya inakunywa ndoo nyingi, na kwa anayenunua maji kwa dumu hakuna unafuu hapo. Mimi napeleka kwa waosha magari, lakini siichukui mpaka nimekunja pembe moja na kukandamiza kiganja upande wa chini. Juu hukauka kwanza, mgongo bado umeloa. Niliwahi kuibeba hivyo hivyo, na sebule ikanuka uvundo wiki nzima.

Mashine ya kufyonza vumbi? Kwa kapeti moja, hapana. Watu huogopa umeme, kumbe umeme si kitu: mashine ya wati 1,400 kwa nusu saa inakula uniti 0.7, kama shilingi 250 kwa bei ya karibu shilingi 356 kwa uniti. Gharama iko kwenye kuinunua, kisha mifuko na vichujio ambavyo ikifika mwaka wa pili huvipati dukani. Jua na fimbo vinatosha. Ila kama nyumbani kuna mwenye pumu, vumbi la kukung'uta si la kuchezea. Hapo ninge­shauri mashine uiwekee akiba.

Kwenye sabuni ya maji usidanganywe na uzito. Watengenezaji wadogo huikoleza kwa chumvi, kwa hiyo inayomiminika kama uji si lazima iwe na nguvu kuliko nyepesi. Ijaribu kwenye sahani yenye mafuta kabla ya kubeba dumu. Lita 5 nilizipata kwa elfu sita, zinatosha sakafu na kuta. Klorini ya madoa nunua chupa yenye tarehe, isiyoanikwa juani na muuzaji, maana hupoteza nguvu. Na usiichanganye kamwe na dawa ya chooni yenye asidi: inatoa gesi ya sumu, na korido haina dirisha.

Dekio la nyuzi ni elfu tano. Lile la kuzungusha na ndoo yake linaanzia elfu thelathini na tano, na huharibikia kwenye kile kizungushio. Usilinunue mahali wasipouza vichwa vya akiba. Fagio la chelewa ni elfu mbili, na ukilifunga kwenye mti mrefu linatoa utando wa buibui darini.

Piga hesabu: sabuni 6,000, dekio 5,000, fagio 2,000, kapeti 15,000, siti mbili 20,000. Jumla 48,000.

Ukuta wa korido usubirishe hadi mwezi ujao. Rangi ya maji ya bei nafuu ukiisugua inatoka pamoja na uchafu, na unabaki na mabaka. Dawa ni mkanda wa rangi ya mafuta kutoka chini hadi mita 1.2, kama kwenye korido za shule, kwa sababu huo unafutika kwa tambara. Pande mbili za mita 6 ni mita za mraba 14.4, mikono miwili ni karibu 29. Lita moja ikienea mita za mraba 10 hivi, kopo la lita 4 linatosha na chenji inabaki. Piga msasa kwanza, la sivyo itabanduka.

Kabla ya kununua kopo, mwandikie mwenye nyumba ujumbe, umweleze gharama na umuulize kama ataikata kwenye kodi. Wakikubali kwa mdomo wengi husahau. Utume leo, na jibu lake ulihifadhi.