Kalamu Iliyokuwako Kabla ya Mkoloni

Watoto wetu husikia, na wakati mwingine hata sisi wazee hukariri, kwamba Mwafrika hakujua kalamu mpaka alipofika Mzungu. Neno likirudiwa sana huvaa vazi la ukweli. Basi na tulipime kwa maisha ya mwanamke mmoja.

Nana Asma'u alizaliwa mwaka 1793 katika nchi ya Wahausa, ambayo leo ni kaskazini mwa Nigeria. Baba yake ni Sheikh Uthman dan Fodio, mwasisi wa dola ya Sokoto. Bibi huyu alihifadhi Qur'ani, akatunga mashairi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, kwa khati ya Kiarabu. Aliona kwamba wanawake wa vijijini, wenye watoto na kazi nyingi, hawapati elimu. Akawafunza wanawake wenzao kuwa walimu. Wakihifadhi kwake mashairi ya dini, tabia njema na historia, kisha wakirejea kuyasomesha majumbani. Makundi hayo yaliitwa 'Yan Taru. Alifariki mwaka 1864, karibu miaka 40 kabla ya Waingereza kuiteka Sokoto mwaka 1903.

Katika zama zizo hizo, huku kwetu, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858. Hao ni wanawake wawili, mmoja magharibi na mmoja mashariki ya Afrika, wasiojuana, na wote wawili walishika kalamu.

Hatusemi kwamba kabla ya mkoloni mambo yote yalikuwa mema. Sokoto ilikuwa na vita na utumwa, na pwani yetu vilevile. Lakini ujinga wa kutojua kusoma tuliosingiziwa haukuwa wetu sote.

Walipotawala, Waingereza walizifanya herufi za Kilatini kuwa ndizo za ofisi na za shule za serikali, kwa Kihausa na kwa Kiswahili. Mtu aliyezoea kuandika barua, hesabu na wasia wake kwa khati ya Kiarabu akahesabiwa kuwa hajui kusoma. Elimu yake ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kipimo. Wajukuu wakasoma herufi mpya, nazo zina manufaa makubwa, hata gazeti hili tumeliandika kwa hizo. Hasara ni kwamba wengi hawawezi tena kusoma barua za babu zao wenyewe.

Tungo za Nana Asma'u zimetufikia kwa sababu jamaa zake walizihifadhi, na wanawake wakazidi kuzisoma kizazi baada ya kizazi. Amana kama hiyo imo mikononi mwenu, mama zetu na dada zetu, kwani mara nyingi nyinyi ndio wenye funguo za makasha. Nyumba ikihamwa au ikigawanywa mirathi, karatasi kuukuu zisichomwe kabla hazijasomwa. Zikaushwe, zifungwe katika kitambaa safi, zipelekwe kwa mwalimu anayeijua khati. Huenda ni hati ya wakfu, huenda ni utenzi wa bibi yenu. Na mtoto aliyekwisha kujua alifu na be za Qur'ani, afundishwe pia kuandika kwazo jina lake na maneno ya Kiswahili.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waaminifu wa amana hiyo. Amin.